Nilimwambia Kine Kwamba Amepona

Mke wangu alipoanza kupatwa na kizunguzungu, akigeuza kichwa tu nyumba nzima ilimzunguka. Njia yetu hapa Bukavu ni ya mteremko. Siku moja aliyumba mbele ya majirani, na mmoja akasema maman amelewa kasiksi asubuhi hii. Tangu hapo hakutoka bila mimi. Kanisani alikaa benchi la nyuma, padri akimletea komunyo palepale, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Daktari alimtuma kwa kine, kijana anayetibu kwa mazoezi. Huyo alisimamisha kidole gumba, akamwambia akikazie macho huku akitikisa kichwa. Kisha akamtembeza juu ya godoro, yeye nyuma yake, mikono karibu na kiuno bila kumgusa. Mimi kwenye kiti nilihesabu vidole vya kijana huyo. Nyumbani mke wangu alikuwa akicheka: "Yule mutoto anasema, maman, ogopa lakini tembea." Kwa maneno yangu hakuwa amecheka hivyo kwa miaka.

Wiki ya tatu nilimpigia kine simu nikamwambia maman amepona. Mke wangu nikamwambia kine amehamia Kamanyola, mazoezi tutafanya wenyewe. Nilimshika kiuno kwa mikono yote miwili. Akiyumba kidogo, namvuta kwangu. Nilijisikia mume tena. Baada ya mwezi hakuweza kuvuka sebule bila mimi, na mimi, Mungu anisamehe, sikusikitika.

Jumapili moja tukakutana na kine mlangoni pa kanisa.

"Papa, si uliniambia maman iko muzima?"

Mke wangu akanitazama. "Kumbe Kamanyola iko hapa."

Nilikiri palepale. Baada ya siku mbili akarudi kwa kine. Nami nilienda, nikaketi. Kijana akaniambia kwa upole, "Papa, ukimushika, miguu yake inangojea mikono yako. Haijifunze kitu." Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Ilichukua miezi. Kisha Jumapili moja aliinuka mwenyewe kwenda kupokea komunyo, nami nikamfuata nyuma. Karibu na nguzo akayumba, nikanyoosha mkono.

"Wacha," alisema bila kugeuka.

Mama mmoja akaingia kati yetu mstarini, kisha mwingine. Sikuwaomba wanipishe.