Saini Saba za Kuzima Seva

Jina alilopewa na wazazi wake halikumbukwi na mtu pale hospitalini. Wote humwita Subiri, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kila anapoombwa kitu. Mwambie kompyuta imegoma, atakujibu subiri. Mwambie jengo linaungua, nadhani angesema subiri kwanza, kisha angekuuliza moto umeanzia upande gani. Ni fundi wa seva, ile kompyuta kuu inayoendesha kazi zote za hospitali, mwaka wa ishirini na sita huu, katika chumba kisicho na dirisha ambamo feni zimemvumia masikioni mpaka akiwa nyumbani hasikii mlango ukigongwa. Amechoka, na hafichi.

Siku ninayoisimulia, dada yake mkubwa alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha picha tangu saa mbili asubuhi. Ndiye aliyemlea Subiri baada ya mama yao kufariki. Sasa alikuwa na uvimbe karibu na figo. Daktari bingwa wa upasuaji huja pale mara moja kwa mwezi, na siku hiyo angeondoka saa saba mchana. Asipoziona picha za dada kabla ya hapo, basi tena, mpaka mwezi ujao.

Picha zilikuwa zimeshapigwa. Kazi ilikuwa kuziunganisha. Ndani ya seva moja ya chuma hukaa mashine pepe sita, kompyuta zisizo na miili yao, kila moja ikidhani iko peke yake: ya maabara, ya dawa, ya kumbukumbu za wagonjwa, na nyinginezo. Ile ya picha ingehitaji saa tano kumaliza mgonjwa mmoja. Ikipewa kadi ya michoro, kifaa cha kuharakisha hesabu za picha, dakika kumi. Kadi ilikuwemo, imeshachomekwa. Kilichobaki ni kuikabidhi moja kwa moja kwa mashine ya picha iitumie yenyewe.

Hapo ndipo penye shughuli. Kifaa kilichokabidhiwa hivyo huandika ndani ya seva bila kumuuliza mtu. Kinachokizuia kisiingie kwenye mashine nyingine ni sehemu ya seva ambayo Subiri huiita mlinzi. Mlinzi huyo huvijua vifaa kwa mafungu. Vifaa vya fungu moja vinaweza kunong'onezana pembeni naye asisikie lolote, kwa hiyo fungu hutolewa zima au halitolewi kabisa. Na fungu la kifaa hutegemea sloti, yaani tundu kilimochomekwa.

Saa tatu na nusu Subiri alifungua orodha ya mafungu. Kadi ya michoro ilikuwa fungu moja na kidhibiti cha diski, zile diski zenye kumbukumbu za kila mgonjwa aliyewahi kupita mlangoni pale.

Alijishika kichwa. Hakuhitaji kuuliza ni nani aliyeichomeka kadi sloti ya juu. Wiki mbili nyuma, sloti ya chini ilimtaka apige magoti na kung'oa nyaya nusu saa nzima, na goti lilikuwa linamsumbua. Akaichomeka juu, akajiambia mafungu atayaangalia baadaye. Miaka yote hiyo ya kuwasubirisha watu, siku moja tu akafanya haraka.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta, kijana msomi mwenye adabu, alichungulia mlangoni.

"Mzee, si kuna ile amri ya kulidanganya fungu? Unaiambia seva kadi iko peke yake, inakubali. Dakika tano."

"Inakubali, ndiyo. Lakini kadi haijahama."

"Wengi wanafanya, na hakuna kinachotokea."

"Mpaka siku kitakapotokea. Kadi ikikosea kuandika, itaandika kwenye diski. Leo hujui, kesho hujui, mwezi ujao mtu anaongezewa damu isiyo yake."

"Basi ihamishe. Saini yangu hii hapa. Zile sita utahangaika nazo mwenyewe."

Maana pale seva haizimwi bila karatasi ya kuzima, na karatasi ya kuzima inataka saini saba, moja ya kila mkuu wa idara na ya mkuu wa kitengo, kwa mkono, si kwa simu. Utaratibu huo aliubuni Subiri mwenyewe zamani, alipokuwa na magoti mazuri.

Akashika njia. Mfamasia alimwambia asubiri amalize foleni. Wa maabara alimwambia asubiri sampuli zitoke. Mpokeaji wagonjwa alimwambia asubiri, kisha akacheka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kumwambia Subiri hivyo. Subiri hakucheka. Kila alipokatiza ukumbi alipita mbele ya benchi.

"Mdogo wangu, bado?"

"Bado kidogo, dada."

"Usikimbie hivyo. Naona unachechemea."

Afadhali angemtukana. Subiri alisimama kwenye kona, karatasi mkononi ina saini sita, akaifikiria ile amri. Mstari mmoja tu. Hakuna ambaye angejua. Alirudi mpaka chumba cha seva, akaketi, akaiandika yote, ikabaki kubonyeza. Akaikodolea macho. Halafu akaifuta herufi baada ya herufi, akaenda wodi ya wazazi kufuata saini ya mwisho.

Matroni alikuwa na mama anayevuja damu. "Sizimi kitu mpaka huyu atulie," alisema bila kugeuka. Subiri aliegemea ukuta dakika arobaini na tano, na hakuwa na la kumlaumu.

Alipopiga magoti mbele ya seva ilikuwa saa sita na nusu. Aliizima, akang'oa nyaya, akaihamishia kadi sloti ya chini, akawasha. Kadi ikajitokeza peke yake kwenye fungu lake, safi kabisa, kama ambavyo ingekuwa angeichomeka chini wiki mbili nyuma. Picha za dada zilikamilika saa saba na dakika ishirini. Gari la bingwa lilikuwa limeshatoka getini.

Alikwenda kuketi kwenye benchi. Akamweleza dada yote, pamoja na ile amri, pamoja na goti. Hakubakiza kitu.

"Kwa hiyo ungeweza," dada alisema.

"Ningeweza."

"Na aliyeiweka pabaya ni nani?"

"Mimi, dada."

Dada aliweka mkono ubavuni, pale panapouma.

"Hao saba, kuna hata mmoja aliyekushukuru?"

"Hakuna."

"Basi nitakushukuru mimi," alisema, akiinuka taratibu na kuukwepa mkono ambao Subiri alimnyooshea. "Ila si leo."