Jumapili za Bunduki Nyepesi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa polisi mpaka alipostaafu, na miaka ya mwanzo ya ndoa yangu nilimwogopa sana. Hakuwa mkali. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, mtu wa kukutazama mpaka atosheke ndipo akujibu. Nikimwandalia chai, niliiweka mezani nikarudi jikoni upesi.

Alipostaafu alinunua kiwanja nje kidogo ya mji wa Homa Bay, mahali ambapo zamani palichimbwa moramu, changarawe nyekundu ya barabara. Wachimbaji waliacha timbo lenye ukuta mrefu wa udongo, na nyumba yake aliijenga mbele ya ukuta huo. Watu walimcheka kwamba amenunua shimo. Yeye alijua anachotaka. Kazini alikuwa kwenye timu ya kulenga shabaha, na sasa aliomba kibali cha bunduki moja ya michezo na uwanja mdogo wa kuipigia hapo hapo nyuma ya nyumba. Maofisa wa vibali walikuja, wakaupima ukuta, wakatazama nyumba za majirani ziko upande gani, wakaondoka, wakarudi tena, mwishowe wakakubali.

Mimi nauza nafaka Migori mjini. Jumapili moja nilimpelekea gunia la njugu kutoka kwetu Uriri. Nilibisha mlango, kimya. Kisha nikasikia mlio mkavu nyuma ya nyumba, kama mtu anayevunja ukuni gotini, na baada yake chuma kikalia. Niliita kwa nguvu.

"Nani?" aliuliza.

"Ni mimi, wifi."

"Aa, nyar Uriri! Pita, pita. Nimeiweka chini."

Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, ndilo jina aliloniita tangu nilipoolewa, ila siku hiyo alilitamka akicheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Alikuwa amevaa kofia ya majani na vifuniko vya masikio shingoni. Juu ya meza ya mbao ililala bunduki fupi, kitako chake cha mti kimeng'aa kwa kushikwa.

Nilidhani bunduki ni kitu cha kumlemea mtu. Hii, aliponipa baada ya kunionyesha kwamba haina kitu ndani, ilikuwa nyepesi kama jembe lililochakaa. Alinieleza kwamba inakula risasi za bastola, ndogo na fupi, kwa hiyo haipigi bega teke. Chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma. Unausukuma mbele, ganda tupu linaruka, unaurudisha, risasi nyingine imekaa mahali pake.

"Utajaribu?" aliniuliza.

"Mimi? Mume wangu atasema nini?"

"Huyo nilimbeba mgongoni. Hana la kusema."

Alinifunika masikio, akanivalisha miwani, akasimama nyuma yangu karibu hata nikasikia pumzi yake. Mbele ya ukuta alikuwa ametundika kisahani cha chuma cha plau kwa mnyororo. Risasi yangu ya kwanza iliingia kwenye udongo, vumbi likaruka. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, chuma kililia, na mimi nikapiga kigelegele kama niko harusini.

Tangu siku hiyo Jumapili nyingi zilikuwa zetu. Yeye ni Msabato, siku yake ya ibada imekwisha jana yake, lakini majirani wengi ni Wakatoliki, kwa hiyo tulingoja mpaka misa iishe na watu wapate chakula cha mchana. Tulikaa kwanza jikoni tukimenya njugu. Kisha alifungua kabati la chuma kwa ufunguo aliouvaa shingoni, tukatoka.

Nikiulizwa ni nini kilichonipendeza pale, naona ni ule ukimya kabla ya kufyatua. Sokoni Migori kutwa ni kelele: magunia, wachukuzi, wateja, simu. Pale unashusha pumzi, unalinganisha alama mbili za chuma, na kwa kitambo hicho huna deni la neno lolote kwa mtu yeyote. Harufu ya baruti ilibaki kwenye leso yangu, nami nilichelewa kuifua.

Siku moja nilikuwa nimeshalenga, aliponipigia kelele, "Simama!" Juu ya ukuta alikuwa ametokea ng'ombe mwekundu, anatafuna, anatutazama. Wifi aliichukua bunduki, akaitoa risasi, akaketi. Tulingoja mpaka mwenye ng'ombe akaja kumfukuza huku akiomba radhi. Nilitaka tuendelee. Wifi alikataa. "Leo ng'ombe ameshinda," alisema, akaenda kuchemsha chai. Chai yake ile, ya tangawizi nyingi, sijaionja tena mahali pengine.

Mwaka uliofuata niligundua risasi zake zinakwenda chini, kushoto. Yeye, ambaye hakuwahi kukosa! Kisha nikamwona akipapasa meza kutafuta miwani iliyokuwa mbele yake.

"Wifi, macho?" nilimuuliza.

Aliivaa kwanza. "Daktari anasema ni presha ya macho. Kinachopotea hakirudi."

Akanisukumia bunduki. "Piga wewe. Mimi nitasikiliza."

Nilipiga. "Pembeni, kulia," alisema. Nikapiga tena. "Juu." Nikapiga tena, naye akaitikia kwa kichwa polepole. "Hiyo. Hiyo ni ya katikati, inalia mpaka mwisho." Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amefumba macho, uso ameuelekeza kwenye jua. Miezi kadhaa tulikwenda hivyo, mimi nikilenga na yeye akinieleza nimepiga wapi. Sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu naye wakati ule, wala hatukuwa tunazungumza mambo makubwa.

Kibali chake kilipokaribia kuisha hakungoja kuambiwa. Alinipigia simu nimpeleke kituo cha polisi akairudishe bunduki. Alivaa sketi yake ya kijivu, viatu amevipiga rangi. Askari aliyetupokea alikuwa msichana, na aliposikia mgeni wake alikuwa nani zamani alisimama wima. Wifi aliitoa bunduki kwenye mfuko wake, akaifungua kwa vidole bila kutazama, akamwonyesha kwamba iko tupu.

"Itunze isipate unyevu," alimwambia. "Ziwa liko karibu, kutu haichelewi."

"Ndiyo, mama."

Garini alilia. Nami nililia, tukiwa tumeegesha mbele ya duka la simu, watu wakipita na kutuchungulia.

Sasa anaishi Nakuru kwa mwanawe. Nyumba ya Homa Bay imepangishwa. Mwanzoni nilijiambia nitajinyamazia, lakini Jumapili zikifika mwili wangu ulikuwa unaamka kwa safari. Nilifika ofisi inayohusika kuuliza kama nami ninaweza kuomba kibali. Ofisa alikuwa mtu mpole.

"Mama, ni biashara ya dhahabu? Wa migodi ya Masara na Osiri ndio huja kwetu."

"Hapana. Nauza mahindi."

"Umetishiwa na mtu?"

"Hapana."

"Basi ya nini?"

Ningemweleza nini? Kwamba nina hamu ya mchana fulani, na ya mtu aliyekuwa nyuma yangu akihema? Nilimshukuru, nikatoka.

Jioni nilimpigia wifi nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikamsikia akivuta kiti.

"Hata ungepewa," alisema, "ungepiga na nani?"

"Ndivyo nilivyokuwa nawaza."

"Njoo Nakuru, nyar Uriri. Mwanangu ananunua kuku kila mara, na watoto hapa hawana subira ya kuniambia kuku hao wanafananaje. Wewe utakaa uniambie mmoja mmoja, ana rangi gani."

Nimewaambia wa dukani kwamba shule zikifungwa sitakuwepo, nitakuwa Nakuru.