Tawi Lililotoka Misungwi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, bibi yangu Kabula, mama yake baba, ndiye aliyenieleza kwanza kwamba tawi la mkuyu lililokatwa kaburini halilazwi chini njiani. Ulikuwa mwaka tuliohamia Buswelu, enzi za Mwingereza, baada ya mama kuzika watoto wawili Igogo tulikokaa kwanza. Alikuwa mjamzito tena, na ua wa nyumba mpya ulikuwa mawe na jua tupu.

Baba yangu Masanja, karani wa kinu cha pamba, alitaka mwarobaini kama ule wa madukani kwa Wahindi, kwa kuwa hukua upesi. Bibi akamwuliza mti mgeni ungemkaribisha nani. Alitaka mkuyu wa kaburini kwa babu, Misungwi. Tawi likichipua, babu amekubali kukaa nasi na mtoto atalindwa. Likikauka, mama akajifungulie kwao.

Nilifuatana naye kwenda kulikata; kurudi ulikuwa mwendo wa siku mbili. Alilibeba kichwani akilishika kwa mkono mmoja, na usiku, kwa jamaa tuliolala kwao, lilitundikwa kwenye paa.

"Utakapolilaza," aliniambia, "hapo ndipo babu yako atabaki."

Siku ya pili, kwenye kijito, alinipa nilishike ili anywe maji. Mwiba ukanichoma. Nikalilaza mchangani, nikaushika mguu.

Bibi aligeuka, akaliona. Hakunigombeza. Alipiga magoti mbele ya lile tawi.

"Baba Masanja, mjukuu wako amechoka. Nawe umepumzika. Simama twende."

Tawi alilolishika kwa mkono mmoja tangu jana, sasa alilinyanyua kwa mikono miwili kulirudisha kichwani, shingo ikitetemeka kwa uzito.

"Anakuja," akasema. "Ila amenuna. Tumemwamsha."

Tulilipanda. Miezi miwili lilisimama kavu, baba akatania kwamba tumepata kigingi kizuri cha mbuzi. Mama hakucheka. Alfajiri ya kuondoka kwenda kwao, mzigo ukiwa umefungwa, alipita uani akasimama. Ubavuni mwa tawi palikuwa na chipukizi, dogo kama punje ya uwele. Aliligusa kwa kidole, akarudi ndani kufungua mzigo. Mtoto alizaliwa katika nyumba ile, akapewa jina la babu, Maduhu.

Baadaye nilisoma shuleni kwamba tawi la mkuyu huota kirahisi likichomekwa ardhini. Uzito ule wa kijitoni sijausoma popote.

Bibi, baba na mama wamefariki. Maduhu yu hai, ana wajukuu. Ninayejua kwamba tawi lile liligusa mchanga nimebaki peke yangu, na sijamwambia.