Sauti ya Pili

Mpiga pasi wa hoteli ile ya Al Sadd, mjini Doha, hana haraka hata siku ya harusi za wenye mji. Hulowesha ncha ya kidole, huigusa pasi, huisikiliza ikilia chwii, ndipo huanza na kola. Shati likiisha hulitundika, akarudi nyuma hatua moja kulitazama kama mtu anayejiandaa kupanda nalo jukwaani. Na muda wote hujiimbia chini chini wimbo usioeleweka kichwa wala miguu: hupanda kidogo, hushuka, hunyamaza, huanza tena. Mzee hajui kuimba, wenzake wa kazini walisema, ingawa alidai kwamba mwaka sitini na sita yeye na vijana wenzake watatu walijaza kumbi toka Tanga mpaka Mombasa, wasichana wakiwachania mashati. Kisha zikaja bendi za matarumbeta, kumbi zikabaki viti vitupu, na mwimbaji wao wa mbele akafa.

Husna, mgeni wa wiki moja pale dobi, alikuwa akikunja mashuka mikono ilipomganda. Ule ulikuwa wimbo aliokuwa akiuimba mama yake jikoni! Ila mzee aliimba sauti ya pili tu, ile ya kusindikiza. Ya kwanza alimwachia mwenyewe, yule mwimbaji wa mbele aliyekufa, miaka yote hiyo. Husna akaiingiza taratibu, juu ya ile ya mzee.

Pasi ikasimama hewani.

“Nimekosea, babu?”

“Umechelewa kuingia, mwanangu.” Akasogea hatua moja kushoto, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake. “Njoo hapa. Tuanze tena.”