Bakuli la Maziwa Ndani ya Gari la Samaki

"Mzigo upo, bosi! Upo kabisa, wewe washa gari uje!"

Hivyo ndivyo Josephat dalali anavyopiga simu, kila mara kama nyumba inaungua. Muganyizi akaacha chai nusu kikombe kwake Mabatini, akawasha gari, akawasha na friji ili bodi, lile sanduku la mzigo, lipoe njiani, maana mzigo wa baridi haupakiwi kwenye bodi la joto. Dizeli ikaanza kunywewa kwa midomo miwili. Kufika Kisesa, akaonyeshwa mzigo: mbuzi watatu waliochunwa, wamening'inizwa mlangoni mwa bucha, wanakwenda harusini Bujora, mahali ambapo mtu mwenye njaa angefika kwa miguu kabla nzi hawajapata habari.

"Josephat, gari langu linabeba tani saba."

"Anza na kidogo, bosi wangu. Mungu ataongeza."

"Ataongeza mbuzi wangapi?"

Josephat akacheka. Muganyizi akageuza gari bila kuaga.

Huyu Muganyizi ni Mhaya wa Kamachumu aliyeishia kidato cha pili, na kidato hicho anakisimulia kama chuo kikuu. Mwanza wanamwita Nshomile, jina wanalowatania nalo Wahaya kwa kupenda kutangaza kwamba wamesoma. Mwingine angenuna. Yeye aliliandika kwenye kioo cha mbele kwa herufi kubwa, na gari likawa Nshomile pia: Isuzu ya mkononi, bodi jeupe, friji limekaa juu ya kichwa cha dereva kama kofia ya askofu.

Kwenda Dar hakukuwa na taabu sana. Viwanda vya samaki vina magari yao, lakini msimu ukichangamka, minofu ya sangara inayobaki wanapewa wadogo kama yeye. Balaa ilikuwa kurudi. Zaidi ya kilomita elfu moja na bodi tupu, unasafirisha hewa! Wenye soseji na siagi wana kampuni zao kubwa, hawampi mtu wa gari moja. Kuna bwana mmoja wa zabibu Dodoma alikubali, akafungua mlango wa bodi, akanusa, akasema ahsante sana, akaufunga taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Aliporudi tupu mara ya nne mfululizo, Muganyizi alimwambia mkewe, Renatha, "Mwezi huu ukiisha sijapata mzigo wa kueleweka, nauza gari. Tunarudi Kamachumu nikapalilie migomba ya kaka." Na huyo kaka, pamoja na kijiji kizima, alishaambiwa kwamba Muganyizi ana makampuni ya usafirishaji. Makampuni, kwa wingi.

Mwezi ulikuwa umebakiza wiki moja alipopata habari za Dorcas Mashimba wa Usagara, mama wa Kisukuma wa miaka sitini hivi, anayekusanya maziwa ya wafugaji wa Misungwi. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa maziwa yake yanavuka daraja la ziwani kwenda Geita, masika na kiangazi. Gari alilokuwa akilikodi lilikuwa limeua injini. Jumatatu asubuhi Muganyizi akawa mlangoni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndilo hili?"

"Ndilo. Mama, hili gari ni safi kuliko hospitali. Angalia kipimo hapa, nyuzi mbili, hazipandi hazishuki."

Dorcas hata hakukitazama kipimo. Alichota maziwa mabichi kwenye bakuli, akaliweka katikati ya sakafu ya bodi, akafunga mlango mwenyewe. "Saa nzima," akasema, akarudi kwenye keni zake.

Saa ilipotimia alilitoa bakuli, akampa Muganyizi. "Kunywa."

"Mimi?"

"Kwani gari la nani?"

Akanywa. Lo! Alikuwa sangara, sangara mzima na mapezi yake.

"Vipi, Nshomile?"

"Yana ladha ya ziwa. Kwa mbali."

"Kwa mbali wapi, nawe umekunja uso kama umemeza dawa ya minyoo? Maziwa yanashika harufu, baba. Watu wa Geita wakiyanywa hivi, biashara yangu imekufa. Nakupa mpaka Ijumaa. Kuna mtu wa Shinyanga ana gari, nimemwambia asubiri."

Siku mbili Muganyizi alisugua bodi kama anatafuta dhahabu chini yake. Sabuni, siki, malimao kapu zima, kisha, kwa kuwa Mhaya haishiwi ujanja, akamwaga sakafuni debe la kahawa ya kwao iliyokaangwa na kusagwa. Aliiacha mpaka kesho yake, akaifagia, akaingiza pua. Akatabasamu. Hakuna sangara!

Jumatano bakuli likaingia, likatoka. Safari hii Dorcas alionja mwenyewe. Akaonja tena.

"Umenipikia kahawa ya maziwa," akasema. "Sukari umeisahau wapi?"

Wasichana wanaoosha keni wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Muganyizi akarudi Mabatini anaongea peke yake garini. Wazungu wamekwenda mwezini, yeye ameshindwa na bakuli! Nyumbani akayamwaga yote kwa Renatha: malimao, siki, kahawa ya bure, yule mama na pua yake.

Renatha alikuwa anaosha chupa ya maji ya binti yao. "Baba Precious, ile mipira ya mlangoni umewahi kuivua?"

"Mipira gani?"

"Inayozunguka mlango. Chupa hii ya Precious ikinuka, sihangaiki na tumbo lake. Navua mpira wa mfuniko."

"Yaani Isuzu unaifananisha na chupa ya shule?"

"Mimi nimeuliza tu."

Akatoka amevimba. Akalizunguka gari mara mbili, asionekane ana haraka, ndipo akachukua bisibisi. Mpira ulipoachia kidogo tu, yakachuruzika maji meusi, yakafuata magamba, ukafuata mkia wa samaki aliyekufa pengine kabla gari halijanunuliwa. Muganyizi akashika ukuta. Harufu ikaenda mpaka jikoni. Renatha akaisikia, akamletea ndoo ya maji, na ile ndoo ikamuudhi Muganyizi kuliko angesemwa. Alhamisi alinunua mipira mipya, akaibandika, akachokonoa na matundu ya kutolea maji, akaosha tena mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa bakuli likaingia mara ya tatu. Dakika ishirini hazijaisha, simu ikalia.

"Mzigo upo, bosi!"

"Josephat, ukinitajia mbuzi nakuja kukupiga."

"Samaki! Minofu tani saba, kwenda Dar, gari la kiwanda limegoma. Wanataka kupakia kabla ya saa sita. Bei nimewapandishia mpaka wamelalamika. Sikiliza mwenyewe."

Nyuma akasikia mtu anamhimiza Josephat kwa ukali. Leo haikuwa porojo. Muganyizi akamkimbilia Dorcas.

"Mama, tufungue sasa hivi tuonje."

"Saa haijafika."

"Mama yangu, nina mzigo unanisubiri!"

"Kauchukue. Bakuli nitoe kwanza?"

Akasimama katikati ya ua, simu sikioni, macho kwenye mlango mweupe. Akipakia samaki, Dorcas amekwenda. Asipopakia, na maziwa yakanuka, amekosa vyote, Kamachumu inamsubiri na jembe lake.

"Josephat. Na wa kurudi?"

"Wa kurudi utautafuta hukohuko, bosi. Dar ni kubwa!"

Dar ni kubwa. Maneno yaleyale, mara ya tano sasa. "Mpe mwingine," Muganyizi akasema, akazima simu kabla hajajihurumia.

Dakika zilizobaki alizimaliza kwa kuzunguka gari na kulipiga teke gurudumu moja ambalo halikuwa na kosa. Saa ilipotimia Dorcas akatoa bakuli, akanywa funda moja. Akanywa la pili. Akaliinua akalimaliza lote, akafuta mdomo kwa kanga.

"Pakieni," akawaambia wasichana. Kisha akamgeukia. "Ukibeba samaki hata mmoja, hata wa mboga ya nyumbani kwako, nitajua."

"Sibebi, mama. Ila nilitaka kuuliza, kurudi kutoka Geita huwa kuna kitu chochote?"

"Kuna keni tupu za safari iliyotangulia. Nazo unazibeba, nazo nalipia. Ulidhani zinarudi kwa miguu?"

Jumatatu jioni Nshomile alikuwa darajani anarudi, keni tupu zinagongana nyuma kama bendi ya shule isiyo na mwalimu. Simu ikaita.

"Mzigo upo, bosi!"

"Nimejaa, Josephat."

"Umejaa nini? Mbona nasikia kelele tupu?"

"Hizohizo," akasema Muganyizi, akakata simu, akampigia kaka yake wa Kamachumu amtangazie kwamba makampuni sasa yana mzigo wa kwenda na wa kurudi.