Nilipima Kila Kitu Sepuka

Bado niko kwenye miezi ya majaribio kazini. Bosi wa mradi wetu wa asali aliniagiza nichague chombo cha usafiri cha kupita njia za porini Sepuka. Kwa hofu ya kukosea nilipima mchanga, mawe, matope, hata miinuko, nikaandika ripoti ndefu. Ikanunuliwa pikipiki ya magurudumu manne.

Jana, mbele ya bosi, niliwasomea wafugaji nyuki vipimo vyangu, kisha nikaiwasha pikipiki. Hatua chache tu, ikanasa kwenye kijia kati ya nyua za miti ya minyaa za kaya mbili. Nyuma yangu akasimama bibi mwenye baiskeli, amefunga ndoo ya asali.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mjukuu wangu, upana hukupima?”

Bosi akaiomba ripoti, akaanza kuutafuta upana, ukurasa kwa ukurasa.