Nahodha Asiyejua Kuogelea

Mwanasiti binti Mshamu alikuwa mfinyanzi wa Salale, kwenye delta ya Rufiji, na vyungu vyake vilipikiwa wali mpaka mji wa jirani, Maparoni. Lakini watu walimjua zaidi kwa sauti yake. Kila Idi, siku ya mashindano ya mitumbwi, alisimama kwenye tope hadi magotini, akiwaita wapiga makafi mmoja mmoja kwa majina ya mama zao, huyu akimsifu na yule akimkaripia. Kwa siku tatu baadaye hakuweza kusema ila kwa kunong'ona.

Idi ndogo ya mwaka 1906 alinong'ona kwa huzuni. Salale walikuwa wameshindwa na Maparoni mara ya nne mfululizo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekivuruga chombo chao: wapigaji wawili walikimbia na hawajulikani waliko, mmoja alichukuliwa na Wadachi kubeba mizigo, na waliobaki kila mtu alipiga kafi lake kivyake. Nahodha alikuwa Zaidi, kaka yake Mwanasiti. Wiki ileile Zaidi akaacha unahodha, na wazee wa mji wakamtangaza mpya: Nassibu, Mmatumbi aliyeteremka na mama yake kutoka milimani baada ya kijiji chao kuchomwa moto.

Kisimani pakachafuka.

"Mtu wa mlimani atufundishe siye kupiga kafi?" Mwanasiti aliuliza, mtungi ukiwa kiunoni. "Huyo akiona maji yanapwa atadhani mto umekauka!"

"Kaka yako kazaliwa majini, na katufikisha wapi?" alijibu Biasha, shoga yake wa tangu utotoni. "Idi nne, mwenzangu. Nne! Mwache na mwingine ajaribu."

"Kosa si la Zaidi. Chombo hakina watu."

"Bashiru si yumo? Nani ana mikono kama ya Bashiru?"

"Bashiru mmoja atavuta watu kumi?"

Mitungi ilikwisha kujaa zamani, wala hakuna aliyeondoka.

Nassibu alianza kazi kwa kuwatia watu aibu. Wiki nzima hakuugusa mtumbwi. Aliwaketisha wapigaji mchangani kwa safu mbili, wakawa wanaichota hewa kwa makafi huku wakiimba wimbo wa kulimia wa Kimatumbi. Watu walitoka majumbani kuja kucheka. Wiki ya pili alipowaingiza majini, yeye mwenyewe alibaki ukingoni, akiwafuata kwa miguu na kuwapigia kelele. Tope likakatika chini yake, akazama. Aliibuka mara moja, mikono hewani, macho yamemtoka, na Bashiru akalazimika kujitosa kumvuta. Habari zilifika Maparoni kabla nguo zake hazijakauka.

Wiki ya tatu akamtoa Bashiru kiti cha mbele, akamtia katikati. Mbele akamweka Tamimu, mwembamba kama ufito. Hapo Mwanasiti akaacha udongo wake na kwenda ufukweni, mikono bado imejaa matope.

"Bwana Nassibu, shikamoo sikupi, maana weye na miye rika moja. Nataka kujua jambo. Bashiru kakukosea nini?"

Nassibu akacheka. "Hajanikosea, ndiye aliyeniopoa. Keti, dada. Idi iliyopita miye sikuwapo, weye ulikuwapo. Niambie walishindwa wapi."

Mwanasiti alikuwa amefungua kinywa ili agombe, akakuta jawabu limo humo. Miaka yote aliyopiga kelele, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

"Kwenye kona ya mikandaa, pale mikoko inapoubana mto," alisema taratibu. "Mpaka pale tulikuwa mbele. Bashiru akawaona Maparoni ubavuni, akaongeza mbio. Wa nyuma wakashindwa kumfuata, makafi yakaanza kugongana."

"Na Idi ya kabla yake?"

"Palepale." Akahesabu kwa vidole. "Zote nne, palepale."

"Kaka yako aliniambia hivyohivyo. Nilitaka nisikie kwa aliyesimama nchi kavu."

"Zaidi?"

"Ndiye aliyewaomba wazee wanichukue. Alituona tukilima bondeni, majembe yanaanguka pamoja."

Mwanasiti alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta anasuka mtego wa samaki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniacha nimalize maneno?" Zaidi aliuliza. Kisha akaweka mtego chini. "Dada, nilipokuwa nahodha nilikuwa naona vinywa vya watu tu, vikinilaumu. Sasa nakaa nyuma, nashika kafi langu, nayaona maji. Nina raha."

Mwanasiti akamtazama, akaona kweli amenenepa. Wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Tangu siku hiyo alikwenda ufukweni kila alasiri, akamwambia Nassibu nani anachoka upesi na nani anatazama pembeni. Kisimani alishikilia kwamba hajabadili neno.

"Sijasema hafai," alimwambia Biasha. "Nilisema hajui maji. Na maji hayajui."

Idi Kubwa ilipofika, mitumbwi iliondoka asubuhi maji yakijaa. Mwanasiti aliwapeleka wanawake wote kwenye kona ya mikandaa. Mtumbwi wa Salale ulitokea mbele, na Maparoni wakaja ubavuni, kama kawaida yao. Bashiru akageuza shingo.

"Bashiru wa Mwajabu! Macho mgongoni kwa Tamimu!" Mwanasiti alipiga ukelele, kisha akaanza kupiga makofi na kuimba ule wimbo wa kulimia. Wanawake wakaupokea, maneno wakiyabananga. Katikati yao ikapanda sauti moja iliyoyajua barabara. Alikuwa mama yake Nassibu, ambaye tangu nyumba zao ziungue hakuna aliyemsikia akiimba. Makafi kumi yakaingia majini kwa sauti ile, yakatoka pamoja, yakaingia tena. Kona ikapita.

Salale walishinda kwa urefu wa mkono. Bashiru, aliyenuna wiki saba, aliruka majini na kumbeba Tamimu begani. Mwanasiti na wenzake walikuja mbio kutoka kwenye kona, wakamkuta Nassibu ameketi nyuma ya majani, amejifunika uso kwa kanzu.

"Vipi?" Nassibu aliuliza.

"Ondoa nguo usoni, nahodha," Mwanasiti alinong'ona. "Umeshinda."

Mbuzi wa ushindi aliliwa siku hiyohiyo, na vyungu vilitoka kwa Mwanasiti. Mama yake Nassibu aliwafundisha wanawake maneno ya wimbo, wakagundua kwamba walikuwa wamewaimbia wapigaji wao wapande mtama.

Nassibu alikaa Salale miaka mingine mitatu. Alishinda mara nyingi, akashindwa mara mbili. Mara ya pili, kisimani walisema muda wake umekwisha, arudi kwao milimani akalime. Mwanasiti aliutua mtungi wake chini, akafunga kanga vizuri, akaanza kumtetea, na hakuondoka pale mpaka jua lilipokuwa utosini.